Fedheha Haimpati Mtu Chumbani

Mtu huona haya. Huona soni, na huona aibu. Lakini ukipita mabaraza ya Lamu kuanzia Mkomani hadi Langoni, ni nadra umsikie mtu mzima akisema "nimeona fedheha", na akisema, sikio la Kiamu litakwaruzika kidogo. Fedheha humpata mtu, humfika, humkumba. Hutiwa fedheha na wengine, au huingia mwenyewe kwa miguu yake. Mwenye fedheha haoni chochote: yeye ndiye anayeonwa.

Kitenzi kinachoandamana na nomino kinaeleza zaidi ya tafsiri ya kamusi. Kamusi nyingi zitakwambia fedheha ni aibu, kisha ukifungua aibu utaambiwa ni fedheha, na wewe umerudi ulipotoka. Maneno haya hayalingani, na waandishi wa siku hizi wanaoyapokezana ili wasirudie neno moja mara mbili katika aya wanapoteza tofauti ambayo lugha imeitunza kwa muda mrefu.

Tuanze na asili. Fedheha imetoka Kiarabu, fadhiha, na mzizi wake ni herufi tatu: fa, dhad na ile ha ya kooni. Maana ya msingi ya mzizi huo ni kufichua, kukiweka wazi kilichokuwa kimefunikwa. Waarabu wa kale walikitumia kitenzi hicho hata kwa alfajiri: pambazuko "humfedhehi" aliyekuwa amejificha gizani, yaani humfikia na mwanga ukamdhihirisha. Hapo hakuna dhambi wala kosa. Kuna mwanga, na kuna mtu ambaye hadi dakika ile alikuwa haonekani.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika Qurani, Surat al-Hijr, aya ya 68 na ya 69. Watu wa mji wamejazana mlangoni kwa Nabii Lut wakiwataka wageni wake. Katika aya ya 68 anawaambia kwamba hawa ni wageni wangu, basi msinifedheheshe. Katika aya ya 69 anawaambia wamche Mungu wala wasimhizi, yaani wasimdhalilishe. Vitenzi viwili, aya mbili zilizofuatana, na vyote viwili vimeingia katika Kiswahili. Cha kwanza ndicho kilichozaa fedheha. Cha pili kina mzizi wa kha, za na ya, na kwetu kimetoa kitenzi hizi na nomino hizaya, ile ya "mwanahizaya", tusi ambalo bibi wa pwani akilitoa huwa hana la kuongeza.

Angalia Lut amesimama wapi katika kisa hicho. Hajafanya kosa lolote. Fedheha anayoihofia ni kwamba wageni wavunjiwe heshima mlangoni pake, mbele ya umma, naye mwenyeji ashindwe kuwalinda. Basi fedheha haihitaji mtu awe mkosa. Inahitaji vitu vitatu: mtu mwenye hadhi yake, jambo linaloivunja hadhi hiyo, na macho ya watu. Ukiondoa macho, inayobaki huenda ikawa dhambi, kasoro, hasara au majuto, lakini fedheha haijatimia.

Namna neno lilivyofika kwetu inasomeka katika sauti zake. Dhad ya Kiarabu kwa Kiswahili huwa dh: kadhi, ardhi, faradhi, Ramadhani. Wahindi na Wapakistani, waliolipokea neno hilohilo kupitia Kiajemi, wanasema fazihat, kwa z, na kwa t mwishoni. Ile t ni ya maandishi ya Kiarabu, ambayo msemaji akikomea hapo huidondosha. Sisi tuna baraka, wao wana barkat. Sisi tuna fedheha, wao wana fazihat. Kiswahili kimelichukua neno kama lilivyosikika likikomea mdomoni, na hilo ndilo linalotarajiwa mahali ambapo lugha mbili zilikutana majahazini, madukani na misikitini.

Irabu nazo zilibadilika: a ya kwanza ikawa e, na i iliyo mbele ya ha ya kooni ikashuka ikawa e. Kwa sababu ya hiyo e, minyambuliko yote inafuata mkondo huo: fedheheka, fedhehesha. Anayeandika "fedhehisha" amekosea upatanisho wa irabu.

Neno hili lina majirani wawili katika kamusi wanaowachanganya watu. Fedha imetoka katika neno la Kiarabu la madini yenyewe, na mzizi wake ni fa na dhad mbili. Fedhuli imetoka katika neno linalomtaja mtu anayejiingiza katika yasiyomhusu. Katika fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, ni yule anayeuza au kununua kwa niaba ya mtu ambaye hakumtuma, na Kiswahili kikamfanya kuwa mjeuri asiye na adabu. Mzizi wake unaishia na lam, ndugu wa fadhila. Basi fedha, fedheha na fedhuli zinakaa pamoja katika ukurasa mmoja lakini hazina ukoo. Zile hadithi kwamba fedheha imeitwa hivyo kwa sababu fedha huleta aibu ni mchezo mzuri wa maneno, na huishia hapo.

Aibu nayo? Kwa Kiarabu ni kasoro, ila, dosari ya kitu. Katika sheria ya biashara ya Kiislamu, mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo katika bidhaa kabla ya kununua, naye hakuambiwa, ana hiari ya kuirudisha. Mbuzi ana aibu, nguo ina aibu, jahazi lina aibu chini ya mkuku ambayo huioni hadi maji yapwe. Aibu yaweza kukaa miaka ndani ya kitu bila mtu kujua. Methali inasema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na hapo neno limetumika kwa maana yake ya kale: kasoro ya mwili ambayo marehemu aliificha maisha yake yote, na sasa anaijua mtu mmoja tu mwenye maji na sabuni. Mwosha anatakiwa na dini aifiche. Akitoka nje akasimulia, hapo ndipo aibu inapogeuka kuwa fedheha, na mwenyewe hayupo hata kujitetea.

Kwa hiyo aibu ni kitu, fedheha ni tukio. Aibu ina mahali, fedheha ina wakati: siku fulani, mbele ya fulani na fulani. Ndiyo maana mtu husema "siku ile ya fedheha" na kila mtu akajua ni ipi.

Mji wa Lamu umejengwa ukiwa na habari ya tofauti hii. Tazama nyumba za mawe za zamani, nyingi za karne ya 18, katika mji ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia. Mlango haukupeleki moja kwa moja ndani. Kwanza kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe, ambapo mgeni husimama au huketi. Ukipita mlango unaingia tekani, na tekani imepindishwa makusudi ili anayepita njiani, hata mlango ukiwa wazi, jicho lake ligonge ukuta. Ndipo kiwanda, uwanja wa ndani ulio wazi juu, kisha kumbi mbili ndefu, msana wa tini na msana wa yuu, halafu chumba kiitwacho ndani, na nyuma kabisa nyumba kati. Mgeni mwanamume aliyelazwa hupewa sabule, chumba ambacho anafikia bila kukatiza maisha ya wenyeji. Juu ya vichochoro kulikuwa na wikio, kivuko cha ghorofani kinachounga nyumba mbili, mwanamke akatoka kwao akaenda kwa jamaa yake bila kuonwa na mtu wa njiani.

Nyumba kati ndiko walikozaliwa watu na ndiko maiti walikooshewa, yaani nyakati mbili ambazo mwili wa binadamu hauwezi kujisitiri wenyewe. Zimewekwa mbali kabisa na mlango. Ukihesabu kuta zilizo kati ya kitanda cha uzazi na baraza la njiani, umepata kipimo cha jinsi watu hawa walivyoichukulia fedheha.

Jina la kazi inayofanywa na kuta hizo ni sitara, na sitara ndiyo kinyume halisi cha fedheha. Watu husema kinyume chake ni heshima, lakini heshima ni matokeo. Sitara ni kufunika, fedheha ni kufunua. Jozi hii inakaa sawa katika Kiarabu na katika Kiswahili. Hata maisha ya kawaida tunayapima kwa neno hilo. Ukiuliza hali ya mtu asiye tajiri wala fukara, utajibiwa "anastirika": ana chakula, ana nguo, haombi, na shida zake hazitoki nje. Dua inayosikika misikitini inaomba jozi ileile, atusitiri wala asitufedheheshe. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Ibn Umar, wanaofuatilia kasoro zilizofichika za Waislamu wameonywa kwamba Mungu naye atazifuatilia zao, na ambaye Mungu amezifuatilia zake atamfedhehi hata akiwa ndani ya nyumba yake. Kitenzi ni kilekile cha Lut. Onyo hilo lina uzito wa pekee mahali ambapo nyumba imejengwa kuwa ngome ya sitara: kuta zote zile, na bado.

Kashfa ni neno la mzizi mwingine, kaf, shin na fa, na maana yake nayo ni kufunua, kuondoa pazia. Hapa pana jambo ambalo watu wa visiwa hivi wanapaswa kulijua kuliko wengine. Utenzi maarufu wa Pate, Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, una jina lililotoka katika mzizi huohuo. Inkishafi ni kufunuka: moyo unaondolewa pazia ukaona dunia ilivyo. Kwa masufi, kashfu ni neema. Katika magazeti, kashfa ni mabilioni yaliyoibwa. Mzizi mmoja umetoa neno la uongofu na neno la ukurasa wa mbele, na tofauti iko katika kinachofunuliwa na anayefunuliwa: katika inkishafi mtu anafunuliwa ukweli, katika kashfa watu wanafunuliwa mtu. Kitenzi kukashifu kimekwenda mbali zaidi, kwani siku hizi mtu anaweza kukashifiwa kwa uongo mtupu, pasipo na lolote lililofunuliwa. Fedheha haijafika huko kabisa. Aliyesingiziwa akajisafisha siku ya pili huambiwa alikashifiwa; aliyefedheheka ni yule ambaye watu wameona kwa macho yao.

Usidhani kwamba kabla ya Waarabu tulikuwa hatuna la kusema. Soni ni neno letu la Kibantu, na ndugu zake wako wazi: thoni kwa Wakikuyu, ensonyi kwa Waganda, izinhloni kwa Wazulu. Lakini soni ni ile inayokufanya uinamishe macho. Iko upande wa ndani pamoja na haya. Upande wa nje tunacho kitenzi ambacho kwa maoni yangu ni kikali kuliko fedheha yenyewe: kuumbua. Umba ni kufinyanga, kutia umbo. Ongeza ile u inayogeuza tendo, kama funga na fungua, ziba na zibua, upate umbua: kuliondoa umbo la mtu, kumfumua alivyofinyangwa. Aliyeumbuka alikuja mbele za watu akiwa na sura fulani, ikabomoka wakiwa wanatazama. Ndiyo maana "ameumbuka" hutumiwa zaidi kwa mwenye majivuno na mwongo. Maskini aliyechanika nguo sokoni amefedheheka, masikini ya Mungu, wala hakuumbuka, kwa kuwa hakuwa amejitia sura isiyo yake. Vijana wa simu wamelipenda neno hili na wanalitumia barabara, pengine kuliko wazee wao wanavyotumia kashfa.

Sasa methali: heri lawama kuliko fedheha. Hutajwa ovyo mtu akikataa jambo lolote, lakini hesabu yake ni ya makini. Umeombwa mkopo, udhamini, kusimamia harusi, kuwa wakili wa mali ya mayatima. Ukikataa leo utalaumiwa na mtu mmoja au jamaa zake, ukiwa kwako, na lawama hupoa. Ukikubali huku uwezo huna, utashindwa hadharani, siku ambayo pilau imeshindwa kutoka na wageni wamekaa. Methali inakutaka ulinganishe idadi ya macho, na wakati. Kinachoharibika kwa kawaida ni kwamba mtu huona haya kukataa. Haya, ambayo dini inaihesabu kuwa sehemu ya imani, ikitumiwa pasipo pake humsukuma mtu moja kwa moja katika fedheha. Anayeishika methali hii hukataa mapema, kabla habari haijapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu.

Pwani pia ina utaratibu wake wa kumtia mtu fedheha kwa makusudi: kusuta. Wengi wa bara wanadhani ni kugombana tu. Kusuta ni kumkabili msema uongo na maneno yake mwenyewe, na kuna masharti yake. Kwanza lazima uwe na aliyesikia, mtu aliyeambiwa kwa mdomo wa msemaji. "Nimesikia watu wanasema" haitoshi. Pili, huyo shahidi akubali kukutanishwa naye uso kwa uso. Tatu, maneno yanayodaiwa yasemwe kama yalivyosemwa, bila kutiwa chumvi, kwa sababu msutwaji akiweza kukana neno moja lililoongezwa, atakana yote kwa kishindo. Nne, wawepo wasikilizaji. Kusuta chumbani ni nasaha.

Kinachovuruga kusuta mara nyingi ni shahidi. Amekueleza kwa raha zote jikoni, lakini akifika pale akaona macho, anageuka: "Mimi sikusema hivyo, nilisema yaonekana." Hapo fedheha inamhamia mwingine. Aliyekuja kusuta ndiye anabaki amesimama kwenye daka la watu hana la kushika, na mji utamkumbuka yeye. Kwa hiyo watu wazima humhoji shahidi kwanza faraghani, mara zaidi ya moja, wakaangalia kama kauli yake inabadilika. Ikibadilika, wanaliacha. Wengine huchagua njia ya fumbo, maneno ya kanga kwa mfano, ambayo mlengwa huyasoma akajijua na hana pa kuyashika. Fumbo limeshinda likibaki fumbo. Ukilieleza umejisuta mwenyewe. Lugha pia inamruhusu mtu kusutwa bila watu: dhamiri inamsuta, nafsi inamsuta. Inasutwa nafsi, haifedheheshwi.

Liko jambo moja ambalo wapenzi wa sitara hawapendi kulisikia. Sitara ni ya aliyekosea na aliyedhulumiwa pia, lakini katika matumizi ya kila siku huelemea upande wa mwenye jina. "Yafunikeni, msiutie ukoo fedheha" ni kauli ambayo imewanyamazisha watoto na wanawake waliokuwa na haki ya kusema. Anayeitetea kwa dini anasoma nusu ya kitabu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameorodhesha hali sita ambazo kumtaja mtu kwa ubaya wake kunaruhusiwa, na ya kwanza ni aliyedhulumiwa kumshtaki aliyemdhulumu kwa mwenye mamlaka. Zimo pia kutafuta msaada wa kuondoa uovu, na kuwaonya watu wasije wakadhurika. Hali hizo haziitwi fedheha. Ukimfikisha dhalimu kwa kadhi au polisi, unayemtaka akusikie ni mwenye uwezo wa kukupa haki. Ukimwanika kwenye kundi la simu lenye watu mia mbili, unawataka watazamaji, na huenda ukaishia wewe kushtakiwa huku yeye akijificha nyuma ya kesi yako.

Kuanika, kwa njia, ni neno zuri la tendo hilo: kitu kinatolewa ndani kikawekwa juani. Lakini kinachoanikwa hukauka kikaanuliwa, na picha iliyosambazwa haianuliki. Fedheha ya zamani ilikuwa na mipaka ya mtaa. Aliyefedheheka Lamu aliweza kwenda Malindi au Mombasa akaanza upya. La kuvunda halina ubani, walisema, ila angalau harufu ilikuwa na mwisho wake.

Kwa anayeandika, yafaa kukumbuka mambo machache. Fedheha haibadiliki katika wingi: fedheha hii, fedheha hizi. Asitumie "mafedheha" isipokuwa anacheza. "Fezeha" ni matamshi ya wasiokuwa na dh katika lugha zao za kwanza. Akiliandika hivyo, mhusika wake awe ni mtu wa namna hiyo. Kufedhehi na kufedhehesha zote mbili ni sahihi na zote zinataka mtendwa, kwa hiyo "kitendo chake kilifedhehesha" ni sentensi iliyokatika, nasi tungali tunauliza nani. Na kwa mtu aliyejikwaa akaanguka peke yake uani, hakuna aliyemwona, neno la kutumia si fedheha. Sema ameanguka.